Programu Iliyoijua Mashine Yangu Peke Yake

Kuna ukumbi mmoja mjini Malindi ambako vijana wanaojifunza kuandika programu hukutana Jumamosi, na mara moja moja huniita nikawape nasaha. Hutaka niwaeleze namna ya kuandika programu moja itakayofanya kazi kwenye kila mfumo endeshi: Windows, Linux, simu za Android, simu za iPhone, na chochote kitakachozuliwa wiki ijayo. Huniita mtaalamu. Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hiyo neno hilo hulipokea kwa mikono miwili na kuliweka kibindoni haraka, kabla wenyewe hawajabadili mawazo.

Nasaha yangu ya kwanza huwa hii: programu yangu ya kwanza ya maana ilifanya kazi bila dosari kwenye kompyuta yoyote duniani, mradi kompyuta hiyo iwe yangu, iwe juu ya meza yangu, na niwe nimekaa mbele yake mimi mwenyewe. Vijana hucheka, huandika kwenye daftari, kisha huuliza kuhusu lugha gani ya programu inalipa. Yaliyofuata baada ya hapo hawayaulizi. Yaliyofuata ni kwamba nusura mdogo wangu afukuzwe kazi kwa kosa langu, na kwamba nilipopewa nafasi ya kumwamini yeye au mashine, niliiamini mashine. Hayo nayaandika hapa, kwa kuwa ukumbini hayana mwulizaji.

Tulizaliwa watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya mwaka na kitu, na mimi niliyekuwa mkubwa nikarudisha vitabu vya shule na kukabidhiwa ndugu wawili. Hakuna aliyeniuliza kama nimefaulu mtihani wa kazi hiyo. Wa kati siku hizi yuko Marereni kwenye mashamba ya chumvi, anajitegemea. Kitinda mimba alisoma mpaka akawa muuguzi. Nilimsomesha kwa kibanda cha kutengeneza simu: vioo vilivyopasuka, betri zilizofura, na simu zilizotumbukia chooni ambazo wenyewe huapa kwamba zilinyeshewa na mvua.

Kompyuta yangu niliipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Nilimtengenezea simu mbili, akaniachia kompyuta yenye ufa kwenye kifuniko. Kila kitu ndani yake kilikuwa kwa Kitaliano. Si ajabu sana Malindi, ambako wauza vinyago hutukanana Kitaliano safi, lakini mimi lugha hiyo naijua ya bei na salamu tu, na kompyuta haikuwa ikinisalimu. Nilianza kujifunza programu kwa kukaripiwa kwa maneno nisiyoyaelewa, jambo lililonikumbusha shule. Mwishowe nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, kwa sababu haikudai leseni wala haikuuliza nimesoma hadi wapi.

Kitinda mimba alipopata kazi kwenye zahanati moja ndogo ya kibinafsi upande wa Jilore, alipewa miezi sita ya kujaribiwa. Mwezi wa pili akaona jinsi walivyohangaika na daftari la chanjo. Daftari lilikuwa moja na wanaolihitaji wanne: mama wa kijijini aliyejitolea kuwapokea watoto na kuwapima uzito, wauguzi wawili wa kuchoma sindano, na karani wa kuandika tarehe za kurudi. Mdogo wangu, ambaye utotoni alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba dadake anaweza kufufua simu iliyokufa, akamwambia msimamizi wa zahanati kwamba dadake anaweza kuandika programu ya kumaliza tabu ile. Hakuniuliza kwanza. Alinipigia simu kunipa hongera.

Vifaa vya zahanati vilikuwa kama abiria waliookotwa njiani. Ofisini palikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows ya zamani, mali ya karani kwa mujibu wa karani. Yule mama wa kupima uzito, tuliyemwita mama wa mizani, alikuwa na simu ya Android, muuguzi mkubwa alikuwa na nyingine ya Android mpya kidogo, na msimamizi alikuwa na iPhone aliyoletewa na bintiye kutoka ng'ambo, ambayo aliitumia kupiga simu na kuiweka mezani watu waione. Hapakuwa na intaneti ya kutegemea. Vifaa vyote vilikutana kwenye kisanduku kidogo cha waifai kilichowekwa juu ya kabati, vikapeana habari saa ya chakula na jioni kabla ya kufunga.

Nikaandika. Miezi miwili nilikuwa mtu mwenye furaha, maana programu ambayo haijapelekwa kwa watu haina kosa.

Siku ya kwanza kuiweka kwenye kompyuta ya karani, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua orodha ya watoto. Huyu karani alikuwa mzee wa mji wa kale wa Malindi, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, na Kiswahili ambacho kila sentensi ilitoka imepigwa pasi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya utulivu: "Mbuzi Mweupe Mwenye Pembe Moja. Chanjo ya surua. Jumatano." Akashusha miwani. "Binti yangu, huyu tumlete na mamake?"

Maelezo yake ni haya. Wakati wa kuijaribu programu nilihitaji watoto wa uongo, nikatumia mbuzi wa jirani, nikawaweka kwenye faili niliyoiita watoto kwa herufi ndogo. Orodha ya kweli, aliyoninakilia mdogo wangu kutoka kwenye daftari, niliiita Watoto kwa herufi kubwa. Kwenye Linux hayo ni mafaili mawili yasiyojuana. Windows haijali ukubwa wa herufi. Kwake hilo ni faili moja, na lililofika mwisho hulifuta la kwanza. Mbuzi ndio waliofika mwisho. Tangu siku hiyo mafaili yangu yote yana majina ya herufi ndogo, na mbuzi sina tena kwenye kompyuta.

Wiki ileile karani alifungua ripoti ya siku na kukuta imeandikwa yote kwa mstari mmoja, kuanzia ukingo huu wa skrini hadi Tana River. Kumbe hata kumaliza mstari kila mfumo una namna yake. Karani akaniambia kwamba maandishi ni mazuri, ila yanamkumbusha hotuba ya mgeni rasmi. Kisha folda: nilikuwa nimeandika njia za folda kwa mkono, kwa mkwaju, kile kijistari cha mshazari, unaoelekea upande wa Linux, na Windows huandika mkwaju wake kwa kuelekea upande mwingine. Lugha ninayotumia ina zana yake ya kuunganisha njia bila mimi kujitia kimbelembele. Nilikuwa nimesoma habari ya zana hiyo. Nilidhani ni ya watu wavivu.

La simu ya mdogo wangu sikulicheka. Programu yangu ilidai Android ya miaka ya karibuni, na simu yake ilikuwa ya zamani, niliyompa mimi mwenyewe, nimeiunga kwa vipande vya simu tatu zilizokufa. Programu ikaikataa. Nilikuwa nimefikiria simu ya kila mtu isipokuwa ya mtu niliyemlea. Akasema hakuna neno. Meza ya karani ilitazamana na mlango wa chumba cha chanjo, kwa hiyo angechoma sindano, kisha angetoka na kuandika kwenye kompyuta ya ofisi. Muuguzi mkubwa angeendelea kuandika kwenye simu yake. Niliona hilo ni suluhisho zuri. Nilikwenda hadi saiba moja mjini, kwenye kompyuta za kukodi, nikaijaribu programu kwenye Windows yao, ikafanya kazi, nikajisifu kwa msimamizi kwamba sasa nimepima kila mfumo.

Wiki tano zikapita, zahanati ikanisifu. Msimamizi, mama wa makamo mwenye asili ya bara ambaye husema jambo mara moja tu, alinitumia ujumbe wenye maneno mawili, "Kazi nzuri." Niliusoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mwezi wa sita, siku chache kabla ya kamati ya zahanati kukaa na kuamua kama mdogo wangu ataajiriwa au ataaga, programu ikaanza kutoa orodha ya watoto waliofika zahanatini na kuondoka bila kuchanjwa. Ilikuwa imeanza zamani, ila hakuna aliyekuwa ameifungua. Nilikuwa nimeificha vizuri ndani ya kitufe cha tatu. Mama wa mizani, aliyekuwa na bidii, alipoigundua akaanza kuwapigia simu wazazi warudi. Baadhi wakabisha kwenye simu kwamba mtoto ameshachomwa. Akawaona wakaidi. Wengine wawili hawakubisha. Wakafunga watoto mgongoni na kurudi kwa miguu. Mdogo wangu akamtambua mmoja wa watoto hao, akakataa kumchoma mara ya pili, akasema huyu nilimchoma mwenyewe juzi.

Msimamizi akafanya kama msimamizi yeyote angefanya. Akachapisha orodha nzima. Watoto kumi na mmoja, na wote walikuwa wamepita mikononi mwa mdogo wangu. Wa muuguzi mkubwa hakuwemo hata mmoja. Akaenda kwenye jokofu akahesabu vichupa: vilivyotumika vilizidi watoto waliochanjwa kwenye kompyuta. Basi dawa imekwenda wapi? Vijitabu vya kliniki vya akina mama vilikuwa na mwandiko wa mdogo wangu kwamba watoto wamechanjwa, lakini msimamizi alisema mwandiko ni kalamu, na kalamu yoyote huandika. Hakumtuhumu. Alimwambia tu kwamba kamati inakaa Ijumaa, na kwamba ajiandae kueleza.

Mdogo wangu alikuja kibandani siku ya Jumanne, bado amevaa sare. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akanieleza yote kwa mpangilio, kama anakabidhi zamu: orodha, jokofu, kamati. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikasema neno ambalo mpaka leo sijapata pa kulirudishia.

"Una hakika uliwachoma wote?"

Akanitazama. "Dada, unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu. Watoto ni wengi, siku nyingine mtu huchoka."

"Watoto kumi na mmoja nimewashika mapaja, wamelia, nimewabembeleza. Halafu nimekwenda kwenye kompyuta nikaandika. Nimekujibu."

"Programu nimeijaribu kila mahali," nikasema. "Haiwezi kufuta ya mtu mmoja ikaacha ya mwingine."

Akainuka, akapangusa sketi, akaniambia usiku mwema ingawa ilikuwa saa kumi na moja na jua bado lipo. Nikabaki na hoja yangu, ambayo ilikuwa nzuri sana. Nilikuwa nimemlea miaka kumi na minne, nikajua anavyodanganya akiwa na miaka saba na anavyodanganya akiwa na kumi na saba, na hapo hapakuwa na dalili hata moja. Lakini programu niliijua kwa miezi minne, na yeye ni binadamu tu.

Jumatano niliipitia programu mstari kwa mstari ili nipate ushahidi kwamba haina kosa. Niliunganisha simu mbili za kibandani na kompyuta yangu, nikapokea watoto wa uongo kwa simu moja, nikawachanja kwa kompyuta, nikavipatanisha vifaa. Wote wakatokea wamechanjwa. Nikarudi saiba, nikafanya vilevile kwenye Windows yao. Wote wamechanjwa. Kila jaribio lilipofaulu nilijihisi nashinda, kisha nikakumbuka ni nani anayeshindwa.

Alhamisi nikafunga kibanda nikapanda pikipiki hadi zahanati. Karani alikuwa mezani pake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha kiti chake. Mdogo wangu alipita mara mbili mlangoni bila kugeuza shingo.

Jambo moja la busara nililokuwa nimelifanya, na nilifanya kwa woga si kwa akili, ni kwamba programu haikufuta kitu kabisa. Taarifa mbili za mtoto mmoja zilipogongana, ilishika ile yenye saa ya baadaye, na ile iliyoshindwa iliitupa kwenye faili la pembeni. Nikalifungua. Walikuwemo wote kumi na mmoja. Kila mmoja: amechanjwa, jina la mdogo wangu, tarehe sahihi, saa. Alikuwa amewaandika. Programu yangu ndiyo iliyomkataa, mara kumi na moja, ikachukua badala yake taarifa ya mama wa mizani iliyosema mtoto amefika, anasubiri.

Kwa hiyo alisema kweli, na mimi nilikuwa mpumbavu. Hilo likawa limekwisha. Lakini sababu sikuiona, na kamati haitaki kusikia kwamba dadake muuguzi ameona mambo kwenye faili. Nikazisoma zile saa. Mtoto wa kwanza alichanjwa 4:10. Wa pili 4:35. Wa tatu 3:50. Nikaona ni sawa kabisa. Saa nne na dakika kumi, saa tano kasoro, saa kumi kasoro... hapana, saa nne kasoro dakika kumi. Ndizo saa za kliniki. Nikasonga mbele kutafuta kosa mahali pengine. Nilitafuta kwa saa nzima na ushahidi ukinitazama usoni.

Karani akachungulia kona ya skrini juu ya bega langu. "Saa sita na dakika ishirini," akasema. "Binti yangu, mimi nakwenda kutawadha. Ukiondoka ufunike kompyuta na kitambaa chake."

Nikatazama kona ileile kumwitikia. 6:20. Nikatoa simu yangu mfukoni nione kama kuna aliyenipigia. 12:20.

Nilitazama hii, nikatazama ile, na naapa kwamba kwa muda kidogo bado niliona zinasema kitu kimoja. Ndivyo kichwa changu kilivyozoea: tarakimu za simu naziona kumi na mbili, mdomo unasema sita, na hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Kompyuta ya karani ilikuwa imeondoa tu ile safari ya katikati. Nilikuwa nimeikalia mara kumi na zaidi. Ilisoma 2:00 watu wakifungua, ilisoma 7:30 watu wakila, na kila mara nikasoma saa mbili, saa saba unusu, nikaona iko sawa. Mtu wa nchi nyingine angeligundua siku ya kwanza.

"Mzee," nikasema, "nani aliyeiweka saa hii?"

"Mimi." Alikuwa tayari mlangoni na birika mkononi. "Ilikuwa imepotoka. Akina mama wakija kuniuliza saa ngapi, mimi nitazame hapo nikute nane, niwaambie mbili? Nimekuwa mfasiri? Nikairekebisha."

"Haikuwa ikijirudisha?"

"Ilikuwa ikijirudisha, ndiyo, walipoleta intaneti ule mwezi mmoja. Nikaizima tabia hiyo." Akanitazama kwa mashaka. "Imekukosea nini? Saa yangu iko sahihi."

Na ilikuwa sahihi. Ndiyo tabu yote. Mama wa mizani alimpokea mtoto saa mbili, na simu yake ikaandika 8:00. Mdogo wangu akamchoma saa nne, na kompyuta ikaandika 4:00. Programu, isiyojua Kiswahili, ikaona kwamba mtoto alichanjwa alfajiri kabla ya kufika zahanati, ikaamua kuamini habari ya mwisho: anasubiri. Muuguzi mkubwa aliandika kwenye simu yake, simu ikapata saa kutoka kwa mtandao, hakupotelewa na mtoto hata mmoja. Na watoto wote wa mdogo wangu waliopokelewa na karani kwenye kompyuta hiyohiyo, siku ambazo mama wa mizani hakuja, nao walikuwa salama, ndiyo maana waliopotea walikuwa kumi na mmoja tu na si mia. Tarehe haikuathirika, kwa kuwa saa ya karani ilibadili siku alfajiri, kliniki ikiwa bado haijafunguliwa.

Nikamfuata msimamizi ofisini kwake. Nikamweleza, nikaona uso wake haubadiliki, nikamwomba aje na iPhone yake. Tukasimama watatu mbele ya kompyuta: mimi, msimamizi, na mdogo wangu niliyemwita kutoka chumba cha chanjo. Nikamwambia msimamizi alinganishe saa ya simu yake na ya kompyuta.

Akalinganisha kwa makini. "Ziko sawa," akasema.

Mdogo wangu akainama kidogo. "Ziko sawa," naye akasema, kwa uchungu, maana aliona utetezi wake mwenyewe unaanguka.

Ilinibidi nichukue karatasi na kalamu niandike 12:45 hapa na 6:45 pale, kubwa, kama ninafundisha chekechea. Msimamizi akakaa. Alisoma lile faili la pembeni lote, jina kwa jina, akawa anamwuliza mdogo wangu kila mtoto: huyu ni wa nani, alikuja na nani, ulimchoma wapi. Mdogo wangu akajibu bila kusita. Huyu wa tano alikuja na nyanyake. Huyu wa nane alinitapikia. Msimamizi akaongeza kumi na mmoja kwenye hesabu ya waliochanjwa, ikalingana na vichupa.

"Kwa nini uliniambia umepima kila mashine?" akaniuliza.

"Nilipima kila mfumo, mama. Mashine yenu sikuipima."

"Kuna tofauti?"

"Sasa ipo."

Hakucheka. Akamgeukia mdogo wangu. "Kesho kamati nitawaambia mimi. Wewe fanya kazi yako." Halafu akaniambia nirekebishe, na saa ya mzee nisiiguse, kwa sababu hana nguvu za kugombana naye.

Sikuigusa. Niliifanya programu isiulize saa ya mtu yeyote: kila mtoto hupita hatua, amefika, amepimwa, amechanjwa, na hatua ya nyuma haiwezi kuifuta ya mbele hata ije na saa ya mwaka ujao. Vijana wa ukumbini hulipenda sana jambo hili na hudhani nililitoa kitabuni.

Ijumaa kamati ikampa mdogo wangu barua yake ya kazi. Alinijulisha kwa ujumbe mfupi, na chini yake akaongeza kwamba Jumamosi saa tatu nimkute Jilore, njia panda. Nikadhani tunakwenda kusherehekea.

Nilimkuta na ile orodha ya watoto kumi na mmoja.

"Wamepigiwa simu wakaambiwa ni wakaidi," akasema. "Wawili wametembezwa bure. Tutawapitia wote. Wewe ndiye utakayesema."

"Nisemeje?"

"Kwamba muuguzi aliandika na wewe ndiye uliyefuta."

Nikamwambia wengine wanaweza kuelezwa kwa simu. Akasema Jumanne alikuja kibandani kwa miguu yake mwenyewe akanijibu uso kwa uso, na haikusaidia, kwa hiyo anaujua uzito wa simu. Nikamwambia nisamehe. Akasema tuanze na nyumba ya karibu.

Tukatembea. Nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya mashamba ya mihogo, nyingine juu kabisa ambako mbwa hawakuwa wamearifiwa. Kila uani tulikaribishwa viti, mdogo wangu akasalimu, akanitazama. Nami nikasema: mtoto wako alichanjwa, muuguzi aliandika, programu yangu ndiyo iliyofuta, kosa ni langu. Nyumba ya kwanza niliongeza maelezo ya mifumo endeshi. Nyumba ya tatu niliyaacha. Kufikia ya saba sentensi ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na ilifanya kazi kwenye kila nyumba bila kubadilishwa herufi. Mdogo wangu hakunisaidia hata neno moja. Kati ya nyumba na nyumba alinionyesha njia, akaniambia wapi pana utelezi, na mara moja akanishika mkono kuvuka mfereji, halafu akauachia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mmoja wa wale waliorudi kwa miguu. Mama wa mtoto alikuwa akikuna nazi uani. Hakusimama. Alinisikiliza huku mbuzi ya kukunia inamlia chini, akamaliza kifuu, akakikung'uta, akaingia ndani na kutoka na kijitabu cha kliniki. Akakifungua kwenye ukurasa wenyewe, mwandiko wa mdogo wangu, tarehe, sahihi.

"Nilikuwa nacho siku zote," akasema. "Hakuna aliyeniambia nikilete."

Mdogo wangu akakipokea, akakiangalia, akamrudishia kwa mikono miwili. Mama akanipima kwa macho, kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyenye matope.

"Huyu ni nani wako?" akamwuliza.

Nilingoja kujua. Tangu Jumanne sikuwa nimesikia akiniita dada.

"Ni dada yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea. Na ile programu ni yake."

Mama akamtazama kitinda mimba wetu kwa huruma ya kweli.

"Pole," akamwambia.